Kipimo cha Spika: Uainishaji wa Njia za Kulitafutia Kanisa Mabati

1. Tatizo la utafiti

Wataalamu wa viumbe wameshaorodhesha mende, kuvu na konokono wa baharini, lakini hajatokea wa kuainisha njia ambazo kwazo Mkristo wa Afrika Mashariki hutolewa fedha mfukoni ili kanisa lipauliwe. Upungufu huu unashangaza, maana vielelezo havihitaji darubini wala safari ya msituni. Vinapatikana kila Jumapili, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, popote penye kuta zilizofika kwenye linta na nondo zilizochomoza juu zikisubiri bajeti ya mwaka mwingine.

Waliotutangulia walizoea kugawa kwa dhehebu: Walutheri na bahasha zao, Wakatoliki na zaka, Wapentekoste na fungu la kumi. Mgawanyo huo hufaa mpaka umwone Mkatoliki akigombea boga kwenye mnada wa Walutheri, naye Mwislamu jirani yao akimwongezea bei kwa ujirani mwema. Wengine waligawa kwa kusudi: ujenzi, mchungaji, wajane, kwaya. Nao walikwama, kwa sababu fedha ya wajane huonekana mara nyingi ikipita kwenye ujenzi kusalimia, na ikishafika huko haina haraka ya kuondoka.

Makala haya yanapendekeza kigezo kimoja tu, nacho ni umbali ambao jina la mtoaji husikika. Tumekiita kipimo cha spika. Sifuri maana yake mtoaji mwenyewe hana habari kwamba ametoa. Tano maana yake kijiji cha ng'ambo ya bonde kinajua, na kinajua pia kwamba shemeji yake hakutoa. Mbinu ya ukusanyaji wa data ilikuwa kuketi kiti cha nyuma karibu na mlango, mbinu ambayo, kama itakavyoonekana, haimwokoi mtafiti.

2. Daraja sifuri: Kodi

Kielelezo safi cha daraja hili hakipatikani kwetu, bali Ujerumani. Huko muumini aliyesajiliwa hukatwa kodi ya kanisa, ambayo ni asilimia 8 ya kodi yake ya mapato akiwa Bavaria au Baden-Württemberg, na asilimia 9 akiwa majimbo mengine. Mamlaka ya kodi hukusanya, kanisa hupokea, mtoaji hulala usingizi. Hakuna kigelegele, hakuna mgeni rasmi, hakuna kuku.

Tunalitaja kwa sababu za kinasaba. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na mpaka leo sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) zina marafiki Wajerumani wanaokuja kutembelea. Mgeni wa namna hiyo akifikishwa mnadani huonyesha dalili zinazofanana kila mara: kwanza anadhani anauziwa kuku, kisha anaelewa kwamba kuku si hoja, mwisho anajikuta ndege miguuni na hajui atampandishaje kwenye gari la jimbo.

Kwa nini mbegu ya daraja hili haikuota huku? Historia inajibu. Vita viwili vya dunia viliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, na Wakristo wa hapa wakabaki na makanisa ya kuyaendesha kwa mikono yao. Azimio la Arusha la 1967 likaifanya kujitegemea kuwa lugha ya kila siku. Kenya nako, John Gatu wa Kanisa la Presbiteri (PCEA) alikwenda hadi Milwaukee, Marekani, mwaka 1971, akawaambia wenyeji wake wasitishe kwa muda kuleta wamisionari na fedha. Kanisa lake likabeba kaulimbiu ya Jitegemea. Ukimwambia mfadhili apumzike, inabidi ujue saruji itatoka wapi. Madaraja yanayofuata ndiyo majibu.

3. Daraja la kwanza: Kikapu

Kikapu ni spishi iliyoenea kuliko zote. Sifa yake ya ajabu ni kwamba ndani yake mtoaji mdogo husikika kuliko mkubwa: sarafu ya mia mbili hugonga, noti hutua kimya. Waumini wameirekebisha kasoro hiyo kwa sanaa ya kukunja. Mwalimu Nyerere wa noti ya elfu moja hukunjwa mara nne hadi akatoshea kwenye ukucha, ilhali tembo wa elfu kumi huingia kikapuni akiwa amenyooka, mkonga mbele.

Kikapu kina vizazi. Kikapu cha Kwanza ni cha sadaka ya kawaida. Kikapu cha Pili, cha ujenzi, hutokea wakati muumini ameshatoa alichopanga. Kikapu cha Tatu, cha dharura, huzaliwa mzee wa kanisa anaposimama na kusema, "Wapendwa, kabla hatujatoka..." Mbele ya Kikapu cha Tatu mtafiti ameshuhudia mabadiliko makubwa ya tabia: watu huinamia viatu vyao, na watoto waliokuwa hawana shida yoyote hupelekwa chooni wakisindikizwa na wazazi wote wawili.

Ipo spishi ndogo inayostahili kutajwa, Mtu wa Chenji, anayeweka elfu tano na kuchukua elfu nne mbele ya mzee aliyeshika kikapu. Wabadili fedha wa Yerusalemu walipinduliwa meza. Huyu amesalimika kwa kuwa hana meza.

4. Daraja la pili: Bahasha

Bahasha ina namba badala ya jina, na kwa nadharia ni siri kamili. Kwa vitendo ni siri ya watu wanne: mtoaji, mtunza hazina, mhasibu wa usharika, na binti wa mhasibu anayesaidia kuingiza kwenye kompyuta. Mwanzoni mwa mwaka mshirika huandika ahadi yake akiwa bado na furaha ya Krismasi. Ifikapo Julai orodha ya namba hubandikwa kwenye ubao wa matangazo, na hapo ndipo inagundulika kwamba usharika mzima unazijua namba za watu kwa moyo kuliko zaburi.

Kwa Wakatoliki jirani wa spishi hii ni kadi ya zaka. Kadi haina kelele, na yaweza kukaa kimya kabatini miaka mitatu. Lakini hufufuka kwa nyakati maalumu: mtoto anapotaka ubatizo, kijana anapotaka ndoa, na msiba unapobisha hodi. Siku hiyo mwenyekiti wa jumuiya huulizwa kama anamfahamu mhusika, naye huvuta pumzi kabla ya kujibu. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, chini ya shirikisho lao la AMECEA, walipozifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, walikusudia watu wasali pamoja na kulisoma Neno nyumba kwa nyumba. Mtaalamu wa michango huona pia kwamba hapo ulipatikana mtandao wa makusanyo usio na mpinzani, maana anayekudai ndiye anayekuazima jembe.

5. Daraja la tatu: Orodha

Hii ni spishi changa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na baadaye makundi ya WhatsApp yakaipatia makazi. Orodha huanza na salamu ndefu ya kamati, kisha namba ya simu pamoja na jina litakalotokea, kisha majina ya watu wenye alama ya vema pembeni. Wasio na vema hawatajwi kwa ubaya. Wanaachwa tu, wakionekana.

Tabia tatu zimerekodiwa. Ya kwanza ni ujumbe wa "Naomba kuingizwa, natuma jioni." Jioni hii ni kipimo cha muda ambacho wanafizikia bado hawajakifikia. Ya pili ni kosa la kunakili: mchangiaji wa 47 anachukua orodha ya zamani, anaongeza jina lake, anairusha, na mara wachangiaji watano waliokwisha kulipa wanatoweka duniani. Kilio kinachofuata ni kikubwa kuliko cha pesa iliyopotea benki, kwa sababu benki ina risiti lakini kundi lina mashemeji. Ya tatu ni ya aliyeko ughaibuni, ambaye hutuma kiasi kikubwa usiku wa manane wenyeji wamelala, na asubuhi kundi zima linajikuta limeamkia shukrani zenye mikono iliyokunjwa.

6. Daraja la nne: Mnada

Tunafika kwenye kito cha utafiti huu. Watu hutoka ibadani, wanasimama nje chini ya mwembe, na mbele yao vinapangwa vitu vilivyoletwa madhabahuni: trei ya mayai, mkungu wa ndizi, kilo mbili za maharage, boga, mua, na kuku aliyefungwa miguu ambaye hajui kwamba leo atakuwa na thamani kuliko ukoo wake wote. Dalali huwa mzee wa kanisa au mwinjilisti mwenye sauti na kipaji cha kukumbuka nani kauza kahawa wiki hii.

Mchumi asiyezoea huona kichaa kitupu. Tuseme kuku wa elfu ishirini anauzwa laki moja na nusu. Aliyemnunua hasemi asante, anasema, "Nampa mchungaji." Mchungaji naye, kwa macho ya mtu aliyeyaona haya kabla, anasema, "Narudisha mnadani." Kuku anauzwa tena. Kuna sharika ambako kila anayeongeza bei hutoa palepale kile alichoongeza, hata kama mwisho kuku atakwenda kwa mwingine. Kwa utaratibu huo washindwa wote wamelipa, naye mshindi amelipa kiporo tu. Si mnada wa kuku tena. Ni mchango wa watu kumi waliopewa kuku ili wasione aibu kushindana.

Istilahi mbili za daraja hili zinahitaji uangalifu. Kusindikiza ni kumwongezea aliyetangulia ili asionekane peke yake. Husindikizwa mgonjwa aliyepona, maharusi wa juzi, na mtu ambaye dalali ana deni lake. Kubanwa ni hali ya kutajwa kwa jina ukiwa hujasema lolote: "Namuona mwalimu pale nyuma, anatabasamu, bila shaka ana elfu kumi." Hapo ndipo kiti cha nyuma karibu na mlango kilipoporomoka kama mbinu ya utafiti. Ikumbukwe kwamba boga lililotokana na tukio hilo lilipikwa, na halikuwa na tofauti ya ladha na mengine.

7. Daraja la tano: Harambee yenye Mgeni Rasmi

Jomo Kenyatta aliliinua neno harambee mwaka 1963 kuwa wito wa taifa, na shule nyingi za Kenya zikajengwa kwa wito huo. Kanisa halikuchelewa. Alama za spishi hii ni hema, viti vyenye vitambaa, kadi za mwaliko zenye picha ya jengo jinsi litakavyokuwa, na mshereheshaji anayetangaza matokeo kwa vipande vitatu: taslimu, ahadi, na jumla kuu. Jumla kuu ndiyo hupigiwa vigelegele. Taslimu ndiyo hununua misumari.

Mgeni rasmi hutambulika kwa kuchelewa na kwa sentensi, "Mimi sina mengi," inayofuatwa na mengi. Huko Kenya huongeza, "Mimi na marafiki zangu." Hao marafiki ni kundi ambalo sayansi haijalipata hai. Hawaketi hemani, hawali pilau, hawana majina, lakini hutoa sana, hasa mwaka wa uchaguzi unapokaribia.

Ni spishi pekee katika orodha yetu ambayo serikali na hata maaskofu wamejaribu kuifuga. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya Kenya ya mwaka 2003 iliwakataza watumishi hao kutumia ofisi zao kukusanya harambee. Mwezi Novemba 2024 Rais William Ruto alihudhuria misa Soweto, Kayole, akatoa shilingi 600,000 kwa kwaya na watoto wa parokia na milioni 2 za nyumba ya padri, na kuahidi milioni 3 zaidi pamoja na basi. Siku ya pili yake Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alitangaza kwamba fedha zitarudishwa na ahadi hazitapokelewa. Kwa mtaalamu wa uainishaji tukio hilo ni la thamani kubwa: kwa mara hiyo moja spika ilitumika kutangaza fedha zinazotoka.

8. Spishi za pembezoni

Zipo njia zinazokwepa kipimo chetu kwa kuwa mtoaji hupata kitu. Umoja wa wanawake huuza vitenge vya sare kwa bei ya juu kidogo ya duka, na mume hulipia ujenzi akidhani analipia nguo. Vijana huuza chai na maandazi baada ya ibada ya kwanza, wakiosha na magari ya wanaosubiri ya pili. Kwaya huzindua albamu, ambapo nakala ya kwanza hununuliwa kwa laki kadhaa na mtu asiye na cha kuichezea. Tunazihesabu kama spishi za mpito kati ya Kikapu na Mnada, na tunapendekeza zilindwe, hasa maandazi.

9. Kanuni zilizojitokeza

Kanuni ya Kwanza: Kasi ya fedha hulingana na sauti ya spika. Harambee moja huleta kwa saa tatu kile ambacho Kikapu kingeleta kwa msimu mzima.

Kanuni ya Pili: Ahadi hupungua kadiri mtoaji anavyokwenda mbali na spika. Hufifia getini, huwa nyembamba akifika nyumbani, na baada ya miezi mitatu humfanya ahamie ibada ya kwanza, ambayo mtunza hazina hahudhurii.

Kanuni ya Tatu, ya Choo: Uwezekano wa kitu kuchangiwa hutegemea kama jina la mtu linaweza kuandikwa juu yake. Madhabahu huchangiwa, kengele huchangiwa, jiwe la msingi lina majina na tarehe. Paa nalo huchangiwa, kwa kuwa mvua humhubiria kila mtu kwa usawa. Shimo la choo halina wafadhili, ingawa lina watumiaji wengi kuliko kengele, na mgeni rasmi yeyote huliuliza lilipo ndani ya dakika arobaini tangu afike.

10. Ushahidi wa kale

Wakosoaji watasema kelele hizi zote ni upotofu wa siku hizi, kwa kuwa Yesu katika Mathayo alifundisha mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia. Hoja ni nzito. Hata hivyo, masalia ya kale yanaonyesha madaraja yetu yote yakiwa hai. Yesu huyohuyo, katika Marko, aliketi kulielekea sanduku la hazina akawatazama watu wakitia, na ndiyo sababu tunamjua mjane wa senti mbili. Paulo, akichangishia watakatifu wa Yerusalemu, aliwasifia Wamakedonia utayari wa Wakorintho, kisha akawaandikia Wakorintho kwamba Wamakedonia huenda wakaja naye, na itakuwa aibu wakikutwa hawajajiandaa. Hiyo ni Orodha yenye alama za vema, miaka takriban elfu mbili kabla ya simu. Anania na Safira ni kisa cha kwanza cha tofauti kati ya jumla kuu na taslimu, na adhabu yake haijawahi kurudiwa na kamati yoyote ya ujenzi.

Kielelezo adimu kuliko vyote kimo katika Kutoka, sura ya 36. Mafundi wa hema walimlalamikia Musa kwamba watu wanaleta kupita kiasi, naye akapiga mbiu kambini waache. Ni harambee pekee inayojulikana iliyofungwa kwa sababu michango imezidi. Jitihada za kutafuta kielelezo cha pili zimeshindikana.

11. Hitimisho: daraja lililosahaulika

Lakini kielelezo kilichotushughulisha zaidi kimo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12. Mfalme Yoashi aliagiza fedha ziletwazo hekaluni zitumike kukarabati palipobomoka. Ukafika mwaka wa ishirini na tatu wa ufalme wake, na nyufa zilikuwa palepale. Watu walitoa, nyumba haikutengenezwa. Hapo ndipo kuhani Yehoyada alipochukua kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Na lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja, fedha zikakabidhiwa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala na waashi. Tazama vizuri: sanduku la sadaka halikubuniwa kwa sababu waumini walikuwa wachoyo. Lilibuniwa kwa sababu ya wapokeaji.

Ugunduzi huu unalisahihisha jedwali letu. Karne nyingi watu wamebishana kama mtoaji asikike au asisikike, na kipimo cha spika kimepangwa kwa upande huo tu. Upande wa pili tuliuacha bila daraja. Taarifa ya mapato na matumizi husomwa kwenye mkutano mkuu wa usharika, saa tisa alasiri, mbele ya wazee, mlinzi, na wachache waliobaki kwa ajili ya soda, na husomwa bila spika kwa kuwa kwaya imeshaifunga. Kwa kipimo chetu hiyo ni hasi mbili. Mnada wenye kelele ukifuatwa na hesabu ya kunong'ona ndio huwafanya watu waanze kumtazama kuku kwa mashaka, na kesho ahadi zao hufifia kabla ya kufika getini. Mtoaji wa ahadi hewa hakuzaliwa hivyo. Mara nyingi alitoa taslimu mara mbili, akaja kuona nyufa palepale.

Tunapendekeza basi, kwa unyenyekevu wa kitaalamu, kwamba dalali yule yule aliyeuza boga apewe pia karatasi ya matumizi, siku ile ile, chini ya mwembe ule ule, kabla watu hawajatawanyika: misumari kilo ngapi kwa bei gani, fundi kalipwa nini, saruji mifuko mingapi imebaki stoo na ufunguo uko kwa nani. Kama jina la aliyetoa mfuko mmoja lilisikika ng'ambo ya bonde, bei ya mfuko huo nayo ina haki ya kusikika hukohuko. Mwandishi anaunga mkono pendekezo hili kwa mifuko miwili ya saruji. Ahadi, si taslimu.